Ghala la Kaboni Lataka Mwenye Ghala

Neno kaboni sasa linasikika katika vikao vya halmashauri, madarasani na hata katika mikutano mikuu ya vijiji. Kwa sababu hiyo ni wajibu wa kila mtumishi wa umma na kila mwalimu kulifahamu jambo hili kwa undani wake, wala asiridhike na maneno ya juu juu. Misitu, husemwa, ni ghala la kaboni. Usemi huo ni wa kweli. Lakini ghala huwa ghala kwa sababu lina mwenyewe, lina mlango na lina daftari, na yupo mtu anayejua kilichoingia na kilichotoka. Ghala lisilo na mwenyewe haliwezi kuweka akiba ya miaka mingi. Kila mpita njia atachota, na siku ya njaa litakutwa tupu.

Swali linalolikabili Taifa hivi leo, basi, halihusu tu ni mti gani unaomeza hewa ukaa kwa wingi zaidi. Swali kubwa zaidi ni nani atakayeilinda akiba hiyo kwa miaka 30, 40 au 100, na kwa faida gani. Mfano wa kulijibu hauhitaji kutafutwa ng'ambo. Uko katika kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, kwenye njia itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Jina hilo huwachekesha wageni, maana Ulaya hii haina theluji wala viwanda vikubwa. Ina wakulima, na ina misitu ya miombo. Lakini katika vijiji vyake vya Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni yamepatikana mafunzo ambayo hata ile Ulaya nyingine ingefaa kuja kuyasoma.

FUNZO LA MWANZI

Kabla ya kuingia katika miombo ya Ulaya, yafaa kuutazama kwanza mwanzi, kwa kuwa ndio mmea unaosifiwa sana siku hizi kila inapozungumzwa habari ya kaboni. Tanzania si mgeni katika jambo hili. Shirika la Kimataifa la Mianzi na Henzirani, INBAR, lilipoundwa mwaka 1997, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 9 waanzilishi. Katika nyanda za juu za kusini wananchi wamegema ulanzi kwa vizazi vingi. Katika milima yenye baridi na mvua nyingi upo mwanzi wa milimani, na katika misitu mikavu ya nyanda za chini upo mwanzi mwingine uotao kwa vichaka. Nyanya zifikazo masokoni katika matenga zimesafiri ndani ya mwanzi.

Sifa za mwanzi ni za haki. Mmea huu ni wa jamii ya nyasi, wala si mti. Chipukizi likishatokeza juu ya ardhi hufikia urefu wake wote katika muda wa miezi michache tu, kisha halinenepi tena. Huanza kukomaa na kuwa gumu, na baada ya miaka 3 au 4 huwa tayari kuvunwa. Kwa kasi hiyo mwanzi hukusanya kaboni mapema kuliko miti mingi.

Lakini hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kukusanya ni jambo moja na kuhifadhi ni jambo jingine. Shina la mwanzi haliishi sana. Aghalabu baada ya miaka 7 hadi 10 hufa, likaoza, na kaboni iliyokuwa ndani yake ikarudi angani. Msitu wa mianzi usioguswa na mtu hufikia mahali ambapo mashina yanayokufa ni sawa na mashina yanayozaliwa. Tangu hapo akiba ya juu ya ardhi haiongezeki. Zaidi ya hayo, baadhi ya mianzi huchanua mara 1 baada ya miaka mingi, na baada ya kuchanua mashina ya eneo zima hufa kwa pamoja. Hata utafiti uliofanywa China, nchi yenye misitu mikubwa ya mianzi, umeonyesha kwamba msitu wa mianzi usiovunwa kwa mpango haushindi shamba la miti ya kawaida katika kuhifadhi kaboni. Ule unaovunwa kwa mpango, mashina makuukuu yakitolewa na machanga yakiachwa, ndio unaoweza kulingana na shamba hilo au kulizidi.

Akiba ya kweli ya mwanzi, basi, imo mahali pawili. Mahali pa kwanza ni chini ya ardhi, katika mizizi na vishina vitambaavyo udongoni, ambavyo huendelea kuishi hata baada ya shina la juu kukatwa. Mahali pa pili ni katika kazi ya mikono ya binadamu. Mwanzi uliogeuzwa kuwa mbao za sakafu, meza, kiti au boriti ya nyumba huishikilia kaboni yake kwa muda wote ambao kitu hicho kinatumika. Mwanzi uliogeuzwa kuwa tenga la nyanya, pamoja na manufaa yake yote, huirudisha upesi, maana tenga halidumu.

Funzo la mwanzi ni hili: kasi ya kukua haitoshi. Kinachohesabiwa ni kile kinachobaki, na kinachobaki hutegemea mvunaji anayejua akate nini, aache nini, na anachokikata akitumieje. Bila mvunaji mwenye mpango na mwenye haki ya kudumu juu ya msitu huo, mwanzi ni nyasi ndefu tu.

MIOMBO NA UDONGO WAKE

Miombo ya Kilosa ina tabia tofauti na mwanzi, lakini sheria ni ile ile. Karibu nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni. Kila tani 1 ya kaboni, ikirudi angani, hufanya tani 3.67 za hewa ukaa. Kwa hiyo tani 1 ya kuni kavu ikichomwa au ikiachwa ioze yote, hewani hurudi tani zipatazo 1.8 za hewa ukaa. Hesabu hii ni nyepesi na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya ubaoni.

Lakini sehemu kubwa ya kaboni ya miombo haionekani kwa macho. Mara nyingi zaidi ya nusu yake imo udongoni na mizizini. Ndiyo maana yapo maangamizi ya namna mbili, na mtumishi asiyeyatofautisha ataandika sheria ndogo zisizofaa. Mtu akikata mti wa miombo akaacha kisiki kikiwa hai, kisiki huchipua, mizizi huendelea na kazi yake, na katika muda wa miaka 20 hadi 30 msitu hurudi kwa kiasi kikubwa. Mtu aking'oa visiki, akachoma moto, akalima mahindi au ufuta mwaka baada ya mwaka, basi mizizi hufa, udongo hupoteza akiba yake, na msitu haurudi. Wa kwanza amechukua riba ya akiba, ilhali wa pili amekula mtaji.

Ukweli huu unapingana na kauli inayorudiwa ofisini bila kuchunguzwa, kwamba adui wa kwanza wa misitu ni mchoma mkaa. Mkaa unaochomwa ovyo unaharibu misitu, na hakuna haja ya kuuremba uharibifu huo. Tanuri la kienyeji la udongo hutoa mkaa ambao uzito wake ni kati ya sehemu 1 ya 10 na sehemu 1 ya 5 tu ya kuni zilizoingia. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba nchi hutumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake huishia Dar es Salaam. Hata hivyo watafiti waliokagua maeneo yaliyopoteza misitu nchini wameonyesha kwamba kilimo ndicho chanzo kikubwa zaidi cha msitu kutoweka moja kwa moja. Mkaa mara nyingi huudhoofisha msitu; lakini jembe linalofuata nyuma yake ndilo linaloumaliza.

Uzito wa jambo hili huonekana katika hesabu ya Taifa. Tathmini ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba nchi ina misitu ya hekta milioni 48.1, yaani zaidi ya nusu ya eneo la nchi kavu, na kwamba sehemu iliyo kubwa mno ni misitu ya namna ya miombo. Tathmini hiyo hiyo ilionyesha kwamba karibu hekta 372,000 zilikuwa zikipotea kila mwaka, na makadirio yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi. Na jambo ambalo kila mtumishi anapaswa kulitia maanani ni kwamba karibu asilimia 46 ya misitu yote imo katika ardhi za vijiji. Mwenye ghala, basi, tayari anajulikana. Ni kijiji.

KILICHOFANYIKA ULAYA

Sheria za nchi zimelikubali jambo hilo kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, ilikiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuupangia mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kujipatia mapato yake. Lakini sheria iliyoandikwa bila kutekelezwa ni kama jembe lililoning'inizwa ukutani.

Katika Kilosa utekelezaji ulianza kwa njia ya kaboni. Kati ya mwaka 2009 na 2014 shirika la kuhifadhi misitu ya asili, TFCG, pamoja na mtandao wa jamii za usimamizi wa misitu, MJUMITA, viliendesha mradi wa majaribio katika vijiji vya Kilosa na Lindi kwa fedha za Norway. Vijiji vilipima mipaka, vikapanga matumizi ya ardhi, vikatenga misitu. Malipo ya majaribio yaligawiwa kwa wanakijiji hadharani, mkutanoni, ili kila mtu aone kwamba msitu uliosimama una thamani. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mradi ulipofika mwisho wake, mauzo ya kaboni hayakuwa yamegeuka kuwa pato la kila mwaka la kutegemewa na kijiji. Soko la dunia lilikuwa limesinyaa, na wanakijiji walibaki na msitu wa kulinda bila posho ya mlinzi.

Hapo ndipo ilipoonekana hekima ya kutotegemea mnunuzi mmoja wa mbali. Tangu mwaka 2012, kwa msaada wa Uswisi, mashirika hayo mawili pamoja na TaTEDO yalikuwa yameanza na vijiji vya Kilosa mradi wa pili ambao wengi waliushangaa: kuvuna mkaa ili kuuokoa msitu. Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni vilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo.

Mpango wenyewe ni wa hesabu, wala haukubuniwa kwa kubahatisha. Sehemu kubwa ya msitu wa kijiji huachwa bila kuvunwa mkaa kabisa. Sehemu ndogo iliyotengwa kwa mkaa hugawanywa katika viwanja vya mita 50 kwa mita 50, yaani robo ya hekta kila kimoja. Viwanja hivyo huvunwa kwa kurukaruka kama miraba ya ubao wa drafti, hivyo kila kiwanja kilichokatwa huwa na majirani waliosimama, wenye kuangusha mbegu na kukinga udongo. Mzunguko ni wa miaka 24: kiwanja kilichovunwa mwaka huu hakiguswi tena mpaka miaka hiyo itimie. Miti ya mbao kama mninga haikatwi kwa mkaa. Kingo za mito na miteremko mikali haiguswi. Visiki huachwa vichipue, na wachomaji hufundishwa kujenga tanuri bora la udongo ili kuni chache zitoe mkaa mwingi zaidi.

Ushuru wa mkaa huo ulibaki kijijini. Kwa fedha hizo vijiji vya mpango huu vilijenga na kukarabati madarasa, ofisi za vijiji na huduma za afya na maji, na vikalipia doria ya kamati za maliasili. Mtu aliyezoea kumwona mchoma mkaa akikimbia na baiskeli usiku, sasa alimwona akiwa na leseni, akilipa ushuru mchana na kupewa stakabadhi. Mlinzi wa msitu na mvunaji wa msitu wakawa watu wa mkutano mmoja.

Je, kuvuna mkaa si kuitoa kaboni hewani? Ni kuitoa, na asemaye vinginevyo anadanganya. Mti uliochomwa leo unarudisha hewa ukaa leo, na chipukizi la kesho litahitaji zaidi ya miaka 20 kuirudisha tena ardhini. Hesabu hiyo hufungwa sawasawa kwa sharti moja tu: kiwanja kiachwe kikue, kisichomwe moto, kisilimwe. Lakini ni lazima pia ihesabiwe ile sehemu kubwa ya msitu isiyovunwa, ambayo isingekuwa na wa kuilinda kama pato la ile sehemu ndogo lisingekuwapo. Mwanzi ulikwishatoa funzo lake: msitu unaovunwa kwa mpango waweza kuweka akiba kuliko msitu ulioachwa bila mwenyewe.

AMRI PEKE YAKE HAITOSHI

Wapo watumishi wanaoamini kwamba njia fupi ni amri. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Wiki chache baadaye marufuku hiyo ikabidi iondolewe, kwa kuwa sufuria za mijini zilihitaji moto na hapakuwa na nishati mbadala iliyotayarishwa. Katika muda huo walioumia ni wanyonge wa pande zote mbili, yaani mpishi wa mjini aliyenunua kwa bei ya kuruka na mchomaji wa kijijini aliyefukuzwa. Miti haikuponea hapo.

Aidha, kanuni za uvunaji wa mazao ya misitu za mwaka 2019 zilikaza usimamizi kwa kutilia mkazo idhini za ngazi ya wilaya. Nia ya kuzuia uvunaji wa hila ni njema. Hata hivyo kila idhini inayoongezwa juu ya kijiji chenye mpango halali ina gharama yake. Kikao cha wilaya kikichelewa, kijiji hakiuzi. Kisipouza, kamati hailipwi. Kamati isipolipwa, doria husimama. Mchoma mkaa wa wizi hangoji kikao. Hivyo kanuni iliyokusudiwa kumkamata mwizi yaweza, isipotekelezwa kwa busara, kumchosha mwenye mali na kumwachia mwizi njia. Ofisa anayeliweka faili la kijiji mezani kwa miezi mingi aelewe kwamba naye anafungua mlango wa ghala.

Jambo la pili linalotakiwa kuonwa kabla halijafika ni mabadiliko ya nishati. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hatua hiyo ni ya lazima. Moshi wa jikoni umeua na kupofusha akina mama wengi mno, na hakuna hoja ya misitu inayoweza kuhalalisha mateso hayo. Lakini upande wa pili wa daftari usomwe pia. Mjini wakiacha mkaa, msitu wa kijiji kilichojenga madarasa kwa ushuru wa mkaa utakuwa umepoteza mnunuzi. Msitu usio na mnunuzi wala mapato, kandokando yake wakiwapo vijana wasio na ardhi, hautabaki msitu kwa muda mrefu. Utageuka shamba la ufuta. Taifa litakuwa limezima jiko la mkaa mjini na kupoteza kijijini kaboni iliyokuwa udongoni.

Kwa hiyo pato la mbao za mpango, asali, mianzi ya samani na kaboni yenyewe lazima litayarishwe sasa, wakati pato la mkaa bado lipo, wala lisingojwe mpaka mkaa uishe. Samaki hukunjwa angali mbichi.

MKATABA USOMWE NA MWENYE GHALA

Biashara ya kaboni imekwisha kurudi kwa nguvu mpya. Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za usimamizi wa biashara hiyo, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, katika mkoa ule ule wenye misitu ya Ulaya. Katika wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji 8 vya milima ya Ntakata vimepata fedha za kaboni na kuzitumia kwa shule na afya. Mwaka 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitangaza makubaliano ya awali kuhusu hekta milioni 8 za misitu ya hifadhi nchini. Mwaka huo huo mradi mkubwa wa Kariba, Zimbabwe, ulitetereka baada ya hesabu zake kutiliwa shaka na kampuni iliyouza kaboni yake kujitoa.

Mambo hayo yote yanatoa onyo moja. Mkataba wa kaboni hufunga ardhi kwa miaka mingi. Mtoto anayesoma darasa la kwanza leo atakuwa mzazi kabla haujaisha. Mkataba wa namna hiyo haupasi kuletwa kijijini kwa lugha ya kigeni, usomwe jioni moja, ukatiwe saini asubuhi yake. Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini wa ardhi. Wenye ardhi ni wananchi wote, nao husema kwa kauli ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wanasheria wa halmashauri za wilaya wana wajibu wa kuhakikisha kwamba mkataba umeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kwamba unasema wazi mapato yanagawanywaje, nani anapima, nani anabeba hasara msitu ukiungua, na kijiji kitajitoaje kikidhulumiwa.

Maofisa misitu nao wakumbuke kwamba kupima kaboni si uchawi wa wataalamu wa nje. Kamati ya kijiji yaweza kufundishwa kupima mzingo wa mti kwa utepe kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kuugawanya kwa 3.14 ili kupata kipenyo, na kukiandika daftarini mwaka hadi mwaka. Watu wa kale walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiji chenye daftari lake hakidanganywi na hesabu za mnunuzi.

Watendaji wa vijiji wana kazi iliyo ngumu kuliko zote: kusoma mapato na matumizi hadharani. Mradi mwingi mzuri umekufa kwa sababu ya stakabadhi moja iliyofichwa. Mwanakijiji akishaamini kwamba fedha za msitu zinaliwa na wachache, atachukua shoka lake na kuchukua fungu lake mwenyewe kutoka mtini.

Na walimu wana nafasi isiyoweza kuzibwa na ofisa yeyote. Shule ya kijiji yaweza kuwa na kiwanja chake cha kujifunzia ndani ya msitu, watoto wakapima kisiki kinavyochipua kila mwaka, wakachora grafu yake, wakalinganisha na kichaka cha mianzi nyuma ya darasa. Katika somo hilo moja imo hesabu, sayansi, jiografia na uraia. Mtoto aliyekiona kisiki kikirudi kuwa mti hataking'oa atakapopewa jembe. Na atakapofika umri wa kupiga kura mkutanoni, atajua anapigia kura nini.

Hapana shaka kwamba dunia itaendelea kuitazama misitu ya Tanzania kwa jicho la haja. Nchi zilizochafua anga kwa viwanda vyake kwa zaidi ya karne moja zinatafuta mahali pa kuweka deni lao, na mahali hapo, kwa sehemu yake, ni miombo ya wakulima wa Kilosa. Si kosa kuwapokea wenye nia safi. Hata jitihada za Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni zilianza kwa fedha zilizotoka Ulaya ya ng'ambo. Lakini fedha za miradi hiyo zilikuwa na mwisho wake, na visiki vimebaki vikichipua mikononi mwa wanakijiji. Mzunguko wa miaka 24 ulioanzishwa huko katika mwongo wa 2010 utatimia katika mwongo wa 2030. Utatimia ikiwa tu katika miaka yote hiyo kila mtumishi atakayeketi katika kiti cha wilaya atakiheshimu kijiji kama mwenye ghala, atayapitisha mafaili yake kwa wakati, na atamzuia mwizi bila kumfungia mlango mwenye mali. Wajibu huo unaanza na faili lililopo mezani leo.